Kosa la Rekodi Tupu

Tuseme una jedwali lenye safu moja, na ndani yake rekodi tano: 0, 1, 2, 3, na ya tano haina kitu. Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, hiyo ya tano huitwa NULL. Si sifuri wala si nafasi ya herufi. Ni thamani isiyojulikana. Sasa uliza: nipe kila rekodi ambayo si 1. Unatarajia upate 0, 2, 3 na ile tupu. Lakini hadi mwaka 2019, ukiwa na faharasa ya aina fulani kwenye jedwali hilo, injini ya hifadhidata ya SQLite ilikupa 0, 2 na 3, basi. Haikuzima, haikutoa onyo lolote. Rekodi tupu imeachwa nje, nawe huna habari.

Anayeona haya ni mambo ya maabara ashike simu yake. SQLite imo katika kila Android na kila iPhone. Hata ujumbe wa WhatsApp kwenye Android umelala ndani ya faili la SQLite. Mmarekani D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, alipokuwa akifanya kazi ya programu za meli ya kivita ya Marekani. Hifadhidata iliyokuwapo ilitegemea seva, na seva isipopatikana programu nayo inakwama. Hipp akaandika injini isiyohitaji seva kabisa, inayosoma na kuandika kwenye faili moja kwa moja.

Tuirudie ile rekodi. Ili kujibu haraka, injini haipekui jedwali zima kama kuna faharasa ya kuifupishia njia. Mwaka 2013 SQLite iliongezewa faharasa za sehemu, ambazo huorodhesha tu rekodi zinazotimiza sharti fulani. Hapa sharti lilikuwa kwamba rekodi isiwe tupu. Kabla ya kutumia faharasa kama hiyo, injini lazima ijiridhishe kwamba hakuna rekodi inayotafutwa iliyobaki nje yake. Ukiuliza kwa alama ya kawaida ya “si sawa na”, hakuna tatizo: NULL ikilinganishwa na 1, SQL haisemi ndiyo wala hapana, na rekodi hiyo haiingii katika jibu. Ila SQLite ina namna nyingine ya kuuliza, IS NOT, ambayo huihesabu tupu kama thamani nyingine yoyote. Tupu si 1, kwa hiyo inastahili kuwamo katika jibu. Injini ilidhani IS NOT nayo haiwezi kuleta rekodi tupu, ikaenda moja kwa moja kwenye faharasa ambamo rekodi hiyo haikuorodheshwa.

Cha kushangaza ni mahali kosa lilipojificha. Sijui programu nyingine ya ukubwa huu inayojaribiwa kwa ukali namna hii. Msimbo wenyewe ni kama mistari 155,000. Msimbo wa kuujaribu ni karibu mara 590 ya huo. Majaribio huigiza umeme kukatika katikati ya kuandika, kumbukumbu kuisha, diski kugoma. Tangu 2009 kila njia panda katika msimbo hupitiwa pande zote, kwa kipimo kilichoazimwa kutoka kwenye programu za ndege. Lakini kupita kila njia ni jambo moja, na kufika pazuri ni jingine. Kipimo hicho kinakuambia kwamba mstari fulani umetekelezwa. Hakikuambii kama fikra iliyouzaa ilikuwa sahihi.

Kulikuwa na kinga nyingine pia: kuziuliza injini kadhaa, PostgreSQL na MySQL zikiwamo, maswali yaleyale na kulinganisha majibu. Hapo nako kosa lilipenya, kwa sababu IS NOT ya namna hii ni ya SQLite yenyewe. Ukiiandika hivyo kwa PostgreSQL, inakataa.

Waliolinasa ni Manuel Rigger na Zhendong Su wa chuo cha ETH Zurich, kwa mbinu inayovutia kwa wepesi wake. Programu yao huchagua rekodi moja bila mpangilio, kisha hutunga swali ambalo, kwa hesabu yake yenyewe, lazima liilete rekodi hiyo. Isipoletwa, injini imekosea. Haihitaji kujua jibu zima wala kuwa na injini ya pili ya kulinganishia. Inafuata rekodi moja tu na kuuliza ilipo. Kwa njia hiyo walikusanya makumi ya makosa katika SQLite, MySQL na PostgreSQL, mengi yakiwa ya aina hii ya jibu baya lisilo na kelele.

Kwa wanaoitunza SQLite, ambao ni wachache mno, kosa halihesabiwi kuwa limerekebishwa hadi liongezwe jaribio ambalo lingelifichua. Jaribio hilo hubaki, na huendeshwa upya kabla ya kila toleo jipya. Ndiyo maana rundo la majaribio limekua hivyo: sehemu yake ni kumbukumbu ya makosa ya zamani.

Liko kosa jingine la NULL, la zamani zaidi, na hilo halitarekebishwa. Kiwango cha SQL kinasema ufunguo mkuu wa jedwali hauwezi kuwa tupu. SQLite huuruhusu, isipokuwa katika hali chache, kama ufunguo ukiwa wa namba kamili, kwa sababu ya kasoro iliyoingia katika matoleo ya mwanzo. Ilipogunduliwa, hifadhidata nyingi tayari zilikuwa zimejazwa rekodi za namna hiyo, na kuziba tundu kungevunja programu za watu wasio na hatia. Watunzaji wakaamua kuliandika wazi katika maelezo na kuliacha lilivyo. Kuna watakaouita uvivu. Kwangu mimi ni uamuzi mgumu kuliko kurekebisha, hasa kwa watu walioahidi kuihudumia programu hii hadi 2050, wakitaka faili la leo lifunguke siku hiyo pia. Anayetaka ufunguo usiokuwa tupu ataandika NOT NULL kwa mkono wake, au ataunda jedwali la STRICT, lililoongezwa mwaka 2021, ambalo halina kasoro hiyo.