Desturi za Wasimamizi wa Programu Huria na Waajiri Wao

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa, kisima kilichowekwa wakfu hakina mwenyewe katika wanadamu: hakiuzwi, hakirithiwi, hakiwekwi rehani, na kila apitaye na ndoo yake huteka, lakini kina msimamizi, ambaye kazi yake ni kuzoa tope, kubadili kamba iliyochakaa, na kuwazuia wale ambao wangependa kufulia nguo ukingoni mwake. Nimeanza na kisima kwa sababu sijaona mfano ulio karibu zaidi na hali ya jamaa ninaokusudia kuwaeleza, nao ni wasimamizi wa programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo maandiko yake yamewekwa wazi kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuyasoma, kuyatumia, kuyabadili na kuyagawa. Jamaa hawa hawana nchi moja wala dini moja, na wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso na wenzao. Hata hivyo wana ada zao, madaraja yao, misimu yao na magomvi yao, na tangu makampuni makubwa yalipoanza kuwaajiri limezuka kati yao swali ambalo msimamizi wa kisima angalilitambua mara moja: tajiri alipaye mshahara wa msimamizi, je, amenunua nini?

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliitoa hadharani programu kiini, yaani moyo wa mfumo wa kuendesha kompyuta, aliyoiandika mwenyewe, nayo ndiyo Linux, ambayo leo imo hata ndani ya kila simu ya Android iliyomo mifukoni mwetu. Mwaka 1997 aliajiriwa na kampuni ya Transmeta huko California, nayo ikamwachia nafasi ya kuendelea kuiangalia Linux akiwa kazini. Mwaka 2003 alihamia shirika lililowekwa na makampuni kwa ajili ya kuikuza Linux, na mwaka 2007 shirika hilo likaungana na jingine likawa Linux Foundation, linalomlipa hata sasa. Guido van Rossum, aliyeiasisi lugha ya Python alipokuwa Amsterdam, aliingia Google mwaka 2005 kwa mapatano kwamba nusu ya wakati wake ingekuwa ya Python, akahamia Dropbox mwaka 2013, na Microsoft mwaka 2020. Waajiri walibadilika kama mashuka ya kitanda, na kuhama huko hakukubadili hadhi ya mtu, maana katika ada ya jamaa hawa cheo huvaliwa na mtu, hakikaliwi kama kiti cha ofisi. Transmeta ilimpata Torvalds. Linux haikuipata, wala haikupata kudai kwamba imeipata, na kwa hilo naihesabu kuwa kampuni iliyokuwa na murua.

Cheo chenyewe hakiombwi kwa barua ya kazi. Mgeni huanza kwa kuleta kiraka, na neno hili limetulia vizuri katika lugha yetu, kwa kuwa kila badiliko katika programu ni kipande kinachoshonwa juu ya nguo iliyokwisha kuvaliwa na watu wengi. Naye hukileta mbele ya kadamnasi, kwa barua pepe iwezayo kusomwa na mtu yeyote duniani, na kadamnasi hiyo hukichambua mshono kwa mshono. Kiraka cha kwanza aghalabu hukataliwa. Cha pili hurudishwa kwa mwenyewe mara tatu. Akivumilia mwaka au miaka miwili, akawa hakimbii kosa lake linapofichuliwa, huanza kuombwa avikague viraka vya wengine, hata siku moja, pasipo sherehe wala kilemba, jina lake huandikwa daftarini. Tangu mwaka 2004 kila kiraka cha Linux hutiwa saini na mwandishi wake kuthibitisha kuwa ana haki ya kukitoa, ada iliyotokana na fadhaa ya kesi ya haki za maandiko ambayo kampuni ya SCO iliifungua dhidi ya IBM mwaka uliotangulia. Na kila msimamizi ambaye kiraka kimepita mikononi mwake huongeza saini yake chini ya zile zilizomtangulia, mfano wa isnadi ya wapokezi wa hadithi, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Saini hiyo humgusa mwajiri pia, maana aghalabu kazi aliyoifanya mwajiriwa kwa mshahara ni mali ya aliyemlipa, na kampuni isiyompa mtu wake idhini ya maandishi humweka katika hatari ya kushuhudia asilokuwa na haki nalo.

Basi mwajiri anayetangaza gazetini kwamba anatafuta msimamizi wa programu fulani, kana kwamba anatafuta karani, amebisha hodi nyumba siyo. Ama amwendee yule ambaye tayari ana daraja hiyo, kwa adabu na kwa mapatano yaliyo wazi, ama amchukue kijana mwenye subira, amlipe, amwache ashone viraka vyake vidogo mbele ya watu, na angoje miaka. Njia hii ya pili nayo haina dhamana, kwa sababu wanaotoa cheo si kampuni.

Daftari nililolitaja ni faili moja iliyomo ndani ya Linux yenyewe, iitwayo MAINTAINERS, na kwangu mimi ndicho kitu kizuri kupita vyote katika mila za watu hawa. Kila sehemu ya programu, iwe ni ya kuendesha kadi za mtandao au ya kuhifadhi mafaili, imeandikiwa jina la msimamizi wake na hali yake. Iko sehemu ambayo husemwa waziwazi kwamba mtu analipwa hasa ili aiangalie. Iko nyingine ambayo mtu huiangalia kweli, pasipo kutajwa mshahara. Iko ambayo ina mwenyewe, lakini hana wasaa ila wa kutia kiraka mara moja moja. Iko iliyopitwa na wakati. Na iko iliyoandikwa yatima, neno lilo hilo tunalolitumia kwa mtoto aliyefiwa na mzazi wake. Ofisi ngapi za serikali na za biashara zingethubutu kuandika mbele ya kila idara ni nani anayeiangalia kwa ujira, ni nani kwa mahaba, na ni ipi isiyo na mtu? Kampuni inapowapunguza watumishi wake, habari huweza kuonekana humo kabla ya kuonekana mahali pengine, kwa badiliko la neno moja tu: iliyokuwa na mtu wa kulipwa huwa ya mtu wa hiari, na ya hiari huwa yatima. Wengi wao, kwa kulijua hilo, hutia daftarini anwani zao wenyewe badala ya zile za kampuni, ili siku ya kuhama wasipotewe na barua za watu.

Wana misimu pia. Toleo jipya la Linux hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Wiki 2 za kwanza mlango huwa wazi kwa mambo mapya, kisha hufungwa, na kwa muda wa wiki 7 hivi zinazofuata hakipokewi ila kinachotengeneza kasoro, huku toleo la majaribio likitolewa karibu kila Jumapili. Nahodha aliyejua kaskazi na kusi angaliielewa taratibu hii bila ya kuelezwa, lakini meneja aliyemwahidi mteja wake kwamba kifaa kipya kitakubaliwa ndani ya Linux kabla ya mwisho wa mwezi huielewa baada ya kuaibika, kwa kuwa mlango ukishafungwa haumfungukii tajiri wala maskini, na msimamizi aliye mwajiriwa wake hana ufunguo wa uani.

Hapa ndipo penye taabu kubwa ya kumwongoza mtumishi wa namna hii. Kazi ya msimamizi ni kusoma zaidi kuliko kuandika, na kukataa zaidi kuliko kukubali. Na mkuu wa ofisi aliyezoea kuhesabu mistari iliyoandikwa na mtu kwa mwaka atamwona kuwa mvivu, ilhali asubuhi nzima ameitumia kumfundisha mgeni wa nchi ya mbali kwa nini kiraka chake kingaliharibu mashine za watu. Mara nyingine mgeni huyo ni mtumishi wa kampuni shindani! Mwajiri humlipa mtu wake amsaidie mtu wa hasimu wake katika biashara, na asipokubali hivyo, hana msimamizi. Ana mjumbe tu, ambaye wenziwe watamtambua na kumwondolea imani. Ada njema ni kwamba kampuni inapoleta kiraka chake yenyewe, msimamizi inayemlipa hungoja ukaguzi wa mtu wa nje kabla ya kukipitisha, na kikiwa kibaya hukikataa hadharani, kwa jina lake, siku ile ile ambayo mshahara wake umeingia benki. Meneja ambaye hawezi kustahimili jambo hilo na aajiri watu wa kazi nyingine.

Wala hii si sadaka. Kampuni inayoshona viraka vyake faraghani hulazimika kuvishona upya kila toleo linapotoka, mara tano au sita kwa mwaka, na gharama yake huongezeka mwaka kwa mwaka. Ilhali kiraka kilichokubaliwa hutunzwa na umma mzima. Aliye na mtu ndani ya shura husikia mapema kitakachobadilika, na neno lake husikilizwa, maadamu ni neno la haki.

Khofu ya kutawaliwa na kampuni moja imewafanya jamaa hawa watunge kanuni ambazo wanasheria wangezionea wivu. Katika Apache Software Foundation, iliyoundwa mwaka 1999, mtu hushiriki kwa nafsi yake, si kwa niaba ya tajiri wake. Mwaka 2020, kampuni moja iliyowaajiri wakuu kadhaa wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ilipoinunua nyingine iliyokuwa na wakuu wake, baraza kuu la programu hiyo, ambalo kaida yake ni kwamba watu wa kampuni moja wasizidi nusu, liliongeza wajumbe wawili ili mizani irudi sawa, na mmoja wao alikuwa Andres Freund, ambaye nitamtaja tena. Watu wa Python nao walifika huko kwa njia ya ugomvi: Julai 2018 van Rossum, aliyekuwa mwenye neno la mwisho, alijiuzulu baada ya mabishano makali juu ya alama mpya, nukta pacha na alama ya sawasawa zikiandikwa pamoja, na mahali pake likachaguliwa baraza la watu 5, ambamo mwajiri mmoja haruhusiwi kuwa na zaidi ya watu 2. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, Torvalds aliomba radhi kwa ukali wa ulimi wake, akapumzika kwa wiki kadhaa, na mwongozo mpya wa mwenendo ukawekwa; na ilikuwa imechelewa, maana barua zake zilizokuwa zikiwatusi watu hadharani zilikuwa zikisomwa na waajiriwa wakiwa kazini.

Fedha ikiingia vibaya huwagawa. Debian, jumuiya ya watu wa hiari watoao mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, iliyoanza mwaka 1993, ilikuwa na wengi waliolipwa na makampuni yao bila ya mtu kununa. Lakini mwaka 2006 baadhi ya wakuu wake walipokusanya fedha, kwa mpango ulioitwa Dunc-Tank, ili kuwalipa wasimamizi wawili wa toleo jipya litoke Desemba, ilizuka karaha, wengine wakapunguza juhudi zao kwa makusudi, na toleo likatoka Aprili 2007. Kwa maoni yangu sababu yake ni nyepesi: mshahara utokao nje ni riziki ya mtu, lakini ujira utolewao ndani, na ndugu kwa ndugu, humuuliza kila asiyepewa kwa nini kazi yake yeye ni ya bure.

Wakilipwa vibaya ni hatari; wasipolipwa kabisa ni hatari zaidi. OpenSSL, programu iliyolinda siri za sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ilikuwa ikipata michango ya dola 2,000 hivi kwa mwaka hadi Aprili 2014, kasoro iliyoitwa Heartbleed ilipojulikana na makampuni yakakimbilia kuchanga. Miaka 10 baadaye, Machi 2024, Andres Freund yule yule wa PostgreSQL, aliyekuwa mwajiriwa wa Microsoft, alistaajabu kuona kuingia katika kompyuta ya mbali kunachelewa kwa nusu sekunde. Akaufuatia ucheleweshaji ule mpaka akafika kwenye xz, programu ya kubana mafaili iliyotunzwa kwa hiari na mtu mmoja aliyechoka, na ndani yake akakuta hiana iliyofichwa na mgeni ambaye alikuwa ameijenga imani ya mwenyeji wake kiraka kwa kiraka, kwa miaka 2 hivi. Kama mgeni mwema afanyavyo, ndivyo alivyofanya huyu. Ada ilikuwa ni ile ile, ila msimamizi hakuwa na mwenzi wa kumsaidia kutazama.

Nasi tunateka katika visima hivi. OpenMRS, programu ya kuweka kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Takwimu za afya za Kenya na Tanzania hupitia DHIS2, inayosimamiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Na hesabu za makampuni mengi ya kwetu hulala ndani ya programu ambazo wenye makampuni hawajapata kusikia majina yake. Mwenye kampuni asomaye haya, awe Mombasa au Dar es Salaam, namsihi leo hii amwite fundi wake mkuu wa kompyuta amwandikie katika karatasi moja programu hizo, na mbele ya kila moja aandike msimamizi wake ni nani na analipwa na nani. Na pale ambapo fundi ataandika yatima, wakae wawili hao wasiondoke ofisini mpaka wamekwisha kupatana ni kijana gani katika watumishi wao atakayeanza kesho kushona kiraka cha kwanza.