Jina Moja Katika Madaftari Mawili

Mtu mzima anayeishi peke yake nchini Uingereza hupunguziwa robo ya kodi anayoilipa halmashauri ya mji wake, na punguzo hilo hupewa kwa kauli yake mwenyewe, maana hapana karani awezaye kupita nyumba kwa nyumba usiku akihesabu vitanda. Lakini nyumba hiyo imo pia katika daftari la wapiga kura. Na daftari la kodi likitaja mtu mmoja, na la kura likataja watatu, lazima pawepo wa kuuliza. Juu ya tofauti za namna hii ndipo ulipojengwa Mpango wa Kitaifa wa Kupambana na Udanganyifu, ambao tangu mwaka 1996 hukusanya orodha za halmashauri na idara nyingine za umma, na kuzilinganisha kwa kompyuta, aghalabu kila baada ya miaka miwili.

Orodha zenyewe ni nyingi kuliko mkazi wa kawaida anavyodhani: mishahara ya watumishi, pensheni, ruzuku ya pango, wapangaji wa nyumba za halmashauri na wanaozisubiri, leseni za madereva wa teksi, vibali vya maegesho, hata kadi za buluu wanazopewa walemavu ili waegeshe magari karibu na waendako. Zikilinganishwa, huonekana pensheni inayolipwa kwa marehemu, kadi ya buluu ambayo mwenyewe amekwisha zikwa na jamaa bado anaegeshea, au mpangaji mmoja mwenye nyumba katika miji miwili.

Ridhaa ya mkazi haitakiwi. Sheria ya mwaka 2014 imezipa halmashauri wajibu wa kuzitoa orodha hizo, na Tume ya Ukaguzi iliyouanzisha mpango ilipofungwa mwaka 2015, kazi ilikabidhiwa Ofisi ya Baraza la Mawaziri. Hata hivyo sheria ya kulinda taarifa za watu haikuondolewa: mkazi hana budi kuarifiwa kwamba jina alilolitoa kwa ajili ya kibali cha maegesho laweza kulinganishwa kwingine. Arifa hiyo aghalabu huchapwa kwa herufi ndogo chini ya fomu, mahali ambapo jicho la mwenye haja halifiki. Na kwa maoni yangu, arifa ya hivyo huitosheleza sheria kuliko inavyomwelimisha mtu.

Wenye mpango wenyewe wanakiri, na kanuni zao zinasema wazi, kwamba majina kukutana si ushahidi wa hila, wala asidhaniwe mtu kuwa mwizi kabla ya kuchunguzwa. Mama aliyebaki na mwanawe anayesoma chuo kikuu kwa muda wote ana haki ya lile punguzo la robo, kwa kuwa mwanafunzi hahesabiwi katika kodi hiyo, ingawa daftari la kura linawataja wote wawili. Aidha, wapo wazee waliohamia huko kutoka kwetu, ambao siku yao ya kuzaliwa haikuandikwa na mtu, wakaandikiwa tarehe 1 Januari. Na jina la Mohamed, ambalo kila karani huliandika atakavyo, likiungana na tarehe hiyo waliyoandikiwa wengi, kompyuta itamwona mtu mmoja walipo wawili. Barua ya halmashauri inayouliza kwa adabu humaliza mambo hayo. Barua inayokata malipo kwanza ndiyo huleta dhiki.

Waholanzi walikwenda mbali zaidi. Mfumo wao ulioitwa SyRI haukulinganisha yaliyosemwa tu, bali ulikadiria nani huenda akadanganya, nao ukaelekezwa kwenye mitaa ya mafukara. Tarehe 5 Februari 2020 mahakama ya The Hague iliamua kwamba sheria yake inavunja haki ya faragha, kwa kuwa hapana aliyeweza kuona namna mfumo unavyofikia dhana zake.

Hapa Afrika Mashariki, ambako madaftari ya serikali nayo yanaingizwa katika kompyuta, Kenya ilitunga sheria yake ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Ile ya Kenya inampa raia haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito, na ya kudai uamuzi uliokwisha tolewa hivyo ufikiriwe upya.