Tarehe ya Toleo na Kazi ya Mfasiri

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maneno ya Kiswahili. Kazi ya namna hii yategemea sana kalenda. Katika mifumo ya Linux itungwayo na watu wa kujitolea, kama Debian, wasimamizi wa toleo hupanga siku ya kusimamisha mageuzi makubwa, kasoro zipate kusahihishwa. Kabla ya hapo mfasiri hana budi kupewa maneno yaliyokwisha kuthibitishwa. Sentensi ya Kiingereza ikibadilishwa baadaye, tafsiri yake huachwa. Na mwalimu wa Mbinga au Mbamba Bay afunguapo kompyuta hukuta lugha mbili zimechanganyika.