Uzito wa Maji: Kutoka Ziwa Victoria hadi Aktiki

Kwa miezi mingi ya mwaka, Ziwa Victoria huwa maziwa mawili yaliyopandana. Juu kuna maji ya nyuzijoto 26 hivi, chini yapata 24. Tofauti ni ndogo, lakini maji yenye joto hupungua uzito upesi kila yanapozidi kupata joto. Hiyo inatosha kuyazuia matabaka hayo yasichanganyike.

Tabaka la chini likifungiwa hivyo, halipati hewa mpya. Mwani uliokufa huzama, na bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni iliyosalia. Ukishusha kipimo cha oksijeni kwa kamba mwezi Februari, mbali na ufukwe, namba hupungua polepole, kisha ndani ya mita chache hushuka karibu na sifuri. Sangara, anayehitaji oksijeni nyingi, hakai hapo.

Juni na Julai pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu. Uso wa ziwa hupoa, maji huwa mazito na kuzama, na ziwa lenye kina cha mita 80 hivi huchanganyika hadi chini. Pepo hizo pia husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini huweza kupanda, yakiwa na oksijeni kidogo.

Katika Bahari ya Aktiki mpangilio ni kinyume. Mvumbuzi Fridtjof Nansen, aliyeongoza msafara wa meli ya Fram wa mwaka 1893 hadi 1896, alikuta maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki chini ya maji baridi. Yana chumvi nyingi, hivyo ni mazito kuliko maji ya juu, yaliyopunguzwa chumvi na mito na barafu iliyoyeyuka. Kiasi na joto la maji hayo ya Atlantiki hubadilika mwaka hadi mwaka, pepo zikichangia. Pale tabaka la juu linapodhoofika, joto hupanda na kula barafu kutoka chini.

Huku kwetu, mwanasayansi J. F. Talling alipima Ziwa Victoria mwaka 1960 na 1961. Vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha kuwa maji yasiyo na oksijeni yameenea zaidi, kwani mbolea, udongo na maji taka hulisha mwani. Kupima uso pekee hakutoshi: ziwa lipimwe hadi chini, mwaka mzima, na wavuvi wapewe matokeo kabla hawajatega nyavu.