Mlezi, Kiti, Nepi: Pesa Iende Wapi Kwanza

Kama una mtoto mwenye mtindio wa ubongo au ulemavu wa akili, unaishi Kariakoo, na mwezi huu umebakiwa na laki mbili baada ya kodi ya fremu, usizipeleke dukani kununua kiti mwendo. Zipeleke kwa mtu wa kukaa naye. Kiti kinaweza kusubiri mwezi mmoja au miwili. Mtoto aliyefungiwa chumbani huku mama yuko kwenye biashara hawezi kusubiri.

Marekani wana utaratibu chini ya Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Familia yenye mtu mwenye ulemavu wa tangu utotoni hupangiwa bajeti, kisha katika majimbo mengi huruhusiwa kuchagua yenyewe imwajiri nani na kwa saa ngapi. Hapa kwetu bajeti hiyo ni droo ya biashara yako. Uamuzi ni uleule, ila ukikosea hakuna wa kukufidia. Ndiyo maana inabidi upige hesabu kabla ya kutoa hata shilingi.

Tuanze na mlezi. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani kwa familia ya kawaida kuwa Sh 60,000 kwa mwezi akilala kwako, na Sh 120,000 akitokea kwake. Viwango hivi hupandishwa, kwa hiyo uliza ofisi ya kazi kiwango cha leo kabla hujaahidi. Wengi wakiona 60,000 wanadhani wamepata nafuu. Piga hesabu kwanza. Anayelala kwako anakula kwako. Tuseme chakula chake ni Sh 3,000 kwa siku: hiyo ni 90,000 kwa mwezi, jumla 150,000, bado godoro na sabuni. Wa kushinda, ukimpa 120,000 na chakula cha mchana cha Sh 1,500 kwa siku 26, anafika 159,000. Tofauti ni Sh 9,000 tu.

Kwa hiyo usichague kwa kuangalia mshahara. Jiulize ni saa zipi zinakubana. Kama mtoto halali usiku na anashtuka na kifafa, wa kulala ana thamani kubwa. Kama mnaishi chumba na sebule, wa kushinda ni bora: anaenda kwake kupumzika na anarudi asubuhi akiwa na nguvu za kumbeba.

Gharama inayosahaulika ni siku ambazo hayupo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka na mapumziko ya saa 24 kila wiki. Usipopanga mtu wa pili, siku hizo utafunga biashara wewe. Tafuta mapema jirani au ndugu, mpe siku moja ya kujifunza kwa malipo, na mkubaliane bei ya kumshikia zamu.

Neno kuhusu umri. Watu bado wanaleta mabinti wadogo kutoka mkoani kwa sababu ni rahisi kuwalipa kidogo. Mtoto wa kilo 25 hunyanyuliwa mara nyingi kwa siku: kitandani, chooni, bafuni, kwenye kiti. Binti wa miaka 14 ataumia mgongo, au atamdondosha, na vyote viwili vina gharama ambayo hutaimaliza. Ajiri mtu mzima, ikiwezekana mama aliyekwisha kulea. Kama ni shangazi au mdogo wako, mlipe naye. Ndugu asiyelipwa huondoka siku anapopata kibarua, na ana haki ya kuondoka.

Shule nayo ni sehemu ya malezi, na kwa mtoto anayeweza kukaa darasani ndiyo saa za bei nafuu kuliko zote. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto wako haki ya kusoma. Kwa wakazi wa Kariakoo, Uhuru Mchanganyiko iko karibu na ina wanafunzi wenye ulemavu. Sinza Maalumu ni mbali zaidi. Anzia kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Gharama zilizojificha ni sare, chakula na nauli ya watu wawili, kwa sababu lazima awepo wa kumpeleka na kumrudisha. Ukienda kituo binafsi, uliza maswali matatu kabla ya kulipa: watoto wangapi kwa mlezi mmoja, kituo kinafungwa saa ngapi, na je, wakati wa likizo mnaendelea kudai ada? Kituo kinachofunga saa sita mchana hakikusaidii wewe unayefunga duka jioni. Utalipa kituo, halafu utamlipa na mlezi.

Fiziotherapia ni mahali ambapo pesa nyingi hupotea barabarani. Hospitali ya Muhimbili iko Upanga, jirani kabisa. Hospitali ya CCBRT, yenye uzoefu wa miaka mingi na watoto wenye ulemavu, iko Msasani. Tuseme bajaji ya kwenda na kurudi ni Sh 16,000 na unaenda kila wiki: mwezi unakula 64,000 za usafiri tu, na mwenye bajaji akisubiri ataongeza. Basi la mwendokasi ni nafuu na vituo vyake vilijengwa viwe na njia ya mteremko, lakini saa za msongamano hakuna nafasi ya kiti wala ya kumbeba mtoto mkubwa. Panda kati ya saa nne na saa nane.

Nusu saa ya mtaalamu kwa wiki haiwezi kushindana na saa nyingi za nyumbani. Nenda mara moja au mbili kwa mwezi, lakini mwende na mlezi. Mwambie mtaalamu awafundishe nyote wawili namna ya kumkalisha, kumnyoosha na kumlisha, na umwombe ruhusa ya kurekodi kwa simu. Hapo mlezi wako anageuka kuwa mtu wa mazoezi wa kila siku bila nauli. Sijaona matumizi mengine ya pesa kidogo yenye faida kama haya.

Na lishe isisahaulike. Mtoto akilishwa amelala chali, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu, na kulazwa hospitali ni ghali kuliko kiti chochote. Mkalishe wima. Mashine ya kusaga chakula si lazima. Kinu na chujio vinatosha kwa wengi.

Sasa kiti. Kiti mwendo cha chuma cha kawaida, kile cha kukunjika chenye kitambaa cheusi, kitakugharimu laki kadhaa, na mara nyingi upana wake ni inchi 18, karibu sentimita 46. Hicho ni kiti cha mtu mzima, kilichokusudiwa kumsukuma mgonjwa kwenye korido laini. Mtoto wa miaka saba atazama humo. Ataegemea upande mmoja, mgongo utapinda na makalio yatapata vidonda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti mwendo unasisitiza kwamba kiti lazima kimtoshe mtumiaji na kifae mazingira yake. Upana wa kiti ulingane na nyonga zake, nyayo zifike pa kukanyagia, na pawepo mikanda ya kumshika.

Angalia na magurudumu. Yale madogo magumu ya mbele hunasa kwenye mchanga na kwenye mashimo ya mitaa yetu. Tairi za upepo hupata pancha, lakini fundi baiskeli yeyote anaziba, na mpira wa ndani unapatikana. Tairi ngumu hazina pancha, ila hutikisa mtoto, na zikichanika hutapata nyingine ya saizi ile. Kwa mitaa ya Kariakoo mimi nachagua tairi la upepo. Ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungushwa kwa mikono ni nzuri kwa mtu mzima mwenye mikono yenye nguvu. Kwa mtoto wa mtindio haifai, hata ikiwa ya msaada.

Ukienda kununua, jihadhari na winga. Winga hauzi kiti. Anakupeleka kwa mwenye kiti, na ujira wake umo kwenye bei unayotajiwa. Ingia dukani mwenyewe, uliza maduka matatu, na kwa kila moja uulize bei ya gurudumu la mbele na ya breki peke yake. Duka lisilo na vipuri linakuuzia kitu cha miezi michache. Kumbuka pia kwamba viti mwendo vimo katika bidhaa zilizosamehewa kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo muuzaji akikuongezea asilimia 18 mkatalie. Dai risiti. Yale maandishi ya “bidhaa ikiuzwa hairudishwi” yasikuzuie kukifungua kiti, kumkalisha mtoto na kukisukuma nje kabla ya kulipa.

Kuna njia nyingine ya kupata kiti ambayo wengi hawaijui. Zimbabwe ndiko ilikoanzia teknolojia ya kutengeneza viti vya watoto wenye ulemavu kwa makaratasi na maboksi. Unapanga tabaka nyingi za boksi, unazigandisha kwa uji mzito wa unga wa ngano, unakausha, kisha unapaka vanishi. Kinatoka kiti kigumu kilichokatwa kwa kipimo cha mtoto mmoja. Maboksi Kariakoo yamejaa kila jioni. Ubovu wake ni maji: mkojo ukiingia ndani kinaoza, kwa hiyo kifunike nailoni na sponji ya kufuliwa. Hakina magurudumu, lakini kwa kula, kusoma na kukaa barazani kinamshinda mbali mwenzake wa chuma wa inchi 18. Fundi seremala naye atakutengenezea cha mbao kinachodumu zaidi. Usimwachie abuni, mpelekee vipimo vilivyoandikwa na mtaalamu.

Pima na ngazi. Nyumba za Kiswahili zinabomolewa na maghorofa yanapanda, mengi bila lifti inayofanya kazi. Kama unaishi ghorofa ya tatu, kiti cha chuma cha kilo 15 au zaidi kitalala chini kwa mlinzi. Chumba cha chini chenye kodi ya juu kidogo kinaweza kuwa nafuu kuliko kumbeba mtoto anayeongezeka uzito kila mwaka. Tatizo ni kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Anza kuzungumza na mwenye nyumba mapema, kabla mkataba haujaisha.

Nepi ndizo zinazofilisi nyumba kimyakimya. Piga mfano: pakiti ya nepi 10 za watu wazima kwa Sh 15,000 ni Sh 1,500 kila moja. Nne kwa siku ni 6,000, na kwa mwezi ni 180,000. Umepita mshahara wa mlezi. Vitambaa vya flana kumi na viwili kwa Sh 3,000 na chupi za plastiki nne kwa Sh 5,000 ni 56,000 mara moja, halafu maji na sabuni. Tatizo la vitambaa ni kukauka, hasa masika, na kamba za ghorofani hazitoshi. Ninachoshauri ni mchanganyiko: vitambaa mchana, nepi moja usiku na kwenye safari. Ukiacha za safari, hiyo ni 45,000 ya nepi kwa mwezi badala ya 180,000.

Ukinunua nepi, gawa bei kwa idadi ya nepi, usiangalie ukubwa wa pakiti. Pima kiuno kwa futi kamba, kwa maana nepi kubwa kupita kiasi huvuja na utabadilisha mara mbili. Bei ya jumla ni nzuri, ila usinunue katoni kabla ya kujaribu pakiti moja. Na mzoeze mtoto choo kwa saa maalumu, hasa baada ya kula. Wengi wenye ulemavu wa akili hujifunza kwa uvumilivu, na kila nepi inayokwepwa ni pesa iliyobaki.

Kwenye dawa za kifafa, usibane. Fenobabitoni ni miongoni mwa dawa za bei nafuu, lakini kupunguza dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi, au kuikatiza ghafla, kunaweza kuleta kifafa kisichokatika. Kama pesa ni chache, rudi kwa daktari akubadilishie, na kwenye hospitali ya serikali umwone afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa matibabu. Anayekuuzia mafuta au mitishamba ya “kuponya” mtindio, mwache. Jeraha la ubongo halifutiki kwa dawa ya chupa, na pesa hiyo ni mshahara wa mlezi.

Msaada wa umma ni mdogo, ila upo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Ni mkopo wa biashara, utarudishwa. Ukiutumia kwa nepi utakudhuru, ukiutumia kuongeza mtaji utakulipia mlezi. Kama familia ni maskini sana, uliza ofisi ya mtaa kuhusu TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Ukiwa na bima, au ukitaka kujiunga sasa kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023, uliza kabla ya kulipa: fiziotherapia imo, mara ngapi kwa mwaka, na kifaa kinalipiwa? Omba jibu kwa maandishi.

Wiki hii nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ukamwandikishe mtoto. Kumwandikisha ndiko kutakakofanya ahesabiwe, iwe ni mkopo, msamaha au nafasi ya shule vinapogawiwa.