Mishahara ina kikomo, tiketi haina

Mei 2025 Toronto Maple Leafs walichapwa 6-1 nyumbani na Florida Panthers katika mchezo wa saba, wakafungasha virago. Shabiki wa Simba au Yanga angeanza na kocha, kisha amalizie na mwamuzi. Shabiki wa Toronto alianza na kikokotoo. Auston Matthews dola milioni 13.25, William Nylander milioni 11.5, John Tavares milioni 11, Mitch Marner milioni 10.9: jumla inapita milioni 46.6. Ligi ilikuwa imeiruhusu kila timu kutumia milioni 88 tu msimu ule. Wanne wamekula asilimia 53 ya chungu, wenzao karibu ishirini wamegawana ukoko. Kwa shabiki huyo, mechi ilipotea mezani, siku mikataba ile iliposainiwa.

Ligi yenyewe ni NHL, ya hoki ya barafuni: timu 32, saba kati ya hizo za Kanada, na zote, hata hizo saba, hulipa wachezaji kwa dola za Marekani. Mashabiki wake wana mapenzi mawili ambayo ukiyasikia kwa mara ya kwanza hayaonekani kukaa pamoja. La kwanza ni kukutana na mchezaji ana kwa ana, kupeana naye mkono na kupata saini yake kwenye jezi. La pili ni kumhesabia mshahara. Mtu huyohuyo atakusimulia, macho yakimng'aa, jinsi beki fulani alivyosimamisha gari langoni ili mwanawe apigwe naye picha. Hajameza mate, anakuambia beki huyo ni mzigo, mkataba wake una miaka mitatu zaidi, na timu imtafutie wa kumchukua.

Anaweza kusema hivyo kwa sababu takwimu haziko kabatini. Kwetu dau la usajili hunong'onwa, na kila kijiwe kina lake. NHL nayo ilikuwa hivyo zamani. Chama cha wachezaji kiliongozwa tangu 1967 na wakili Alan Eagleson, aliyeelewana mno na wamiliki, na mchezaji hakujua mwenzake wa chumba kimoja cha kubadilishia nguo analipwa nini. Mwaka 1990 mishahara ilipowekwa wazi, wengi waligundua kwamba walikuwa wakipunjwa, na bei ikaanza kupanda. Eagleson mwenyewe alikiri makosa ya ulaghai mwaka 1998 akafungwa.

Bei ilipanda hadi ikaanza kubomoa miji. Quebec City iliipoteza timu yake, Nordiques, mwaka 1995. Ilihamishiwa Denver, ikabadilishwa jina kuwa Colorado Avalanche, na msimu wake wa kwanza tu huko ikatwaa Kombe la Stanley. Mwaka uliofuata Winnipeg nayo ikapoteza Jets, wakaenda Arizona. Mapato ya Kanada yaliingia kwa dola ya Kanada iliyodhoofika, mishahara ikatoka kwa dola ya Marekani. Mfanyabiashara yeyote anayeagiza mzigo Dubai na kuuza Kariakoo anaijua ladha ya hesabu hiyo.

Mwaka 2004 ligi ilitoa ripoti iliyoandaliwa na Arthur Levitt, aliyewahi kuongoza mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani. Ripoti ilisema klabu kwa jumla zilipata hasara ya dola milioni 273 katika msimu wa 2002-03 na asilimia 75 ya mapato ilikwenda kwa wachezaji. Chama cha wachezaji hakikuziamini hesabu hizo. Septemba mwaka huo wamiliki, wakiongozwa na kamishna Gary Bettman, walifunga milango ya viwanja. Wachezaji hawakugoma, walifungiwa nje, na tofauti hiyo wanaikumbuka mpaka leo. Februari 2005 msimu mzima ulifutwa, jambo ambalo halijawahi kuipata ligi nyingine yoyote kubwa ya Amerika Kaskazini kwa sababu ya mgogoro wa kazi.

Milango ilipofunguliwa, wamiliki walikuwa wamepata walichotaka: kikomo cha dola milioni 39 kwa timu, na mikataba iliyokuwapo ikakatwa asilimia 24 papo hapo. Kukawekwa na kiwango cha chini, ili mmiliki bahili asikusanye mgawo wa ligi huku akichezesha vijana wa bei poa. Mchezaji mmoja asizidi asilimia 20 ya kikomo. Baada ya milango kufungwa tena mwaka 2012, msimu ukakatwa hadi mechi 48, na pande mbili zikaafikiana kugawana mapato nusu kwa nusu.

Nusu hiyo ndiyo moyo wa mfumo. Kikomo hakitungwi hewani. Hukadiriwa kutokana na mapato ya ligi, na kwa kuwa makadirio hukosea, sehemu ya kila malipo ya mchezaji hukatwa na kuwekwa kwenye akaunti ya amana mpaka hesabu zifungwe. Mapato yakipungua, amana inakwenda kwa wamiliki. Wakati wa korona, msimu wa 2020-21, makato yalifika asilimia 20. Kwa hiyo ile milioni 10 anayoikokotoa shabiki haimfikii mchezaji ikiwa milioni 10, hata kabla ya mtu wa kodi kubisha hodi.

Kinachohesabiwa ni wastani wa mkataba, hata kama pesa yenyewe inalipwa vipande visivyolingana. Sidney Crosby wa Pittsburgh Penguins alisaini mwaka 2012 miaka 12 kwa dola milioni 104.4. Gawanya, unapata milioni 8.7 kila mwaka. Amezaliwa tarehe 7 Agosti 1987 na huvaa jezi namba 87, kwa hiyo mashabiki wa Pittsburgh wanaipenda tarakimu hiyo kama ndoa. Mkataba ulipokaribia kwisha, mwaka 2024, akaongeza miaka miwili kwa milioni 8.7 ileile, ingawa soko lingempa zaidi bila kubishana.

Kanuni ya wastani iliwafungulia mlango wajanja. Ukimlipa mchezaji fungu kubwa miaka ya mwanzo, kisha ukabandika mwishoni miaka mingi ya malipo madogo ambayo kila mtu anajua hataicheza, wastani unashuka na nafasi ya kusajili wengine inapatikana. New Jersey Devils walikwenda mbali kuliko wote. Mwaka 2010 walimpa Ilya Kovalchuk miaka 17 kwa milioni 102, mkataba ambao ungeisha akiwa na umri wa miaka 44, na miaka mitano ya mwisho angelipwa dola 550,000 tu kwa mwaka. Ligi iliukataa, msuluhishi akaiunga mkono, na ingawa baadaye Kovalchuk aliruhusiwa kusaini miaka 15 kwa milioni 100, klabu ilipigwa faini. Mwaka 2013 Kovalchuk alistaafu NHL, akarudi kucheza kwao Urusi. Vancouver Canucks walionja uchungu wa namna nyingine. Kipa wao Roberto Luongo, waliyempa miaka 12 mwaka 2009, alistaafu 2019 akiwa mchezaji wa Florida. Kanuni iliyotungwa baada ya mkataba wake kusainiwa ikawabebesha Vancouver takriban dola milioni 3 za kikomo kwa misimu mitatu, kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuondoka.

Lakini ujanja unaotajwa kuliko wote ni wa Tampa Bay Lightning. Nikita Kucherov alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akakosa mechi zote 56 za msimu wa kawaida wa 2020-21. Mchezaji akiingia kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu, timu huruhusiwa kuzidisha matumizi ili kuziba pengo. Hatua ya mtoano ilipoanza, ambako wakati huo kikomo hakikuhesabika kabisa, Kucherov alikuwa mzima. Akaongoza ligi nzima kwa pointi, Tampa wakatwaa kombe, na kwenye sherehe akavaa fulana iliyoandikwa kwamba wamezidisha kikomo kwa dola milioni 18. Hawakuvunja kanuni yoyote, na hilo ndilo lililowaudhi wapinzani. Kuanzia msimu wa 2025-26 kikomo kinahesabiwa hata kwenye mtoano. Fulana moja imefanya kazi ya mawakili kumi.

Kodi nayo haiishi mdomoni mwa mashabiki. Jimbo la Florida halitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, wala Texas, wala Nevada. Tampa walitwaa kombe 2020 na 2021, Vegas Golden Knights 2023, Florida Panthers 2024 na 2025. Shabiki wa Montreal anaipanga orodha hiyo kama ushahidi mahakamani. Hoja ina uzito, maana kikomo huhesabiwa kabla ya kodi. Ila baadhi ya timu hizo zilikaa miaka mingi bila kodi na bila kombe vilevile, na mchezaji hutozwa kodi na majimbo anakokwenda kucheza ugenini. Mimi ningewapa sifa kwanza waliochagua wachezaji.

Tuje kwenye fedha za sasa. Kikomo kilikwama milioni 81.5 kwa misimu mitatu kwa sababu ya korona, baadaye kikafyatuka: milioni 88 msimu wa 2024-25, milioni 95.5 msimu uliofuata, na ligi ikatangaza milioni 104 na milioni 113.5 kwa misimu ya 2026-27 na 2027-28. Mapato yamepita dola bilioni 6 kwa mwaka. Kampuni ya Rogers imekubali kulipa dola bilioni 11 za Kanada kwa haki za matangazo nchini humo kwa miaka 12 kuanzia 2026. Ndiyo maana Minnesota Wild waliweza kumwahidi Kirill Kaprizov wastani wa milioni 17 kwa mwaka. Na ndiyo maana watu walishangaa Connor McDavid, ambaye wengi humhesabu bora kuliko wote, alipoongeza miaka miwili na Edmonton kwa milioni 12.5, kiasi kilekile alichokuwa akilipwa tangu 2018. Asilimia 20 ya milioni 95.5, kikomo cha msimu aliosaini, ni milioni 19.1. Ameacha mezani zaidi ya milioni 6 kila mwaka ili klabu isajili wa kumsaidia.

Mashabiki wa Edmonton walishangilia, na hapo ndipo mfumo huu unaponikera kidogo. Umemfundisha shabiki kumwona mchezaji anayedai haki yake kuwa mlafi, na anayejipunja kuwa shujaa. Kwa kuwa nusu ya mapato ya ligi ni ya wachezaji kwa vyovyote, aliyejipunja anamwachia mwenzake, hapo sawa. Lakini nusu ya pili haijadiliwi kijiweni. Hakuna anayekokotoa anachopata mmiliki, kwa sababu kitabu chake kimefungwa. Wala hakuna kikomo cha bei ya tiketi, ya maegesho, ya bia, ya jezi. Mishahara ilipokatwa asilimia 24 mwaka 2005, hakuna kanuni iliyosema tiketi ishuke hata senti. Bei ya kiti hupangwa na foleni ya wanaokitaka, na Toronto, ambako kombe halijaonekana tangu 1967, foleni haijawahi kuisha.

Kwa hiyo aliyeshindwa tiketi huenda mazoezini. Viwanja vingi vya mazoezi ni vya jamii, watoto huteleza humo jioni, na asubuhi baba na binti wanaweza kusimama nyuma ya kioo wakiwa na kalamu nene ya wino. Mchezaji akipita hugonga kioo kwa gongo, au hurusha juu yake kisahani cheusi cha mpira kinachochezewa. Kiangazi mambo huwa mazuri zaidi kwa mabingwa: tangu 1995 kila mchezaji wa timu iliyoshinda hupewa siku yake na Kombe la Stanley lenyewe. Crosby alilipeleka kwao Cole Harbour, Nova Scotia, watu wakajipanga barabarani. Hapo hakuna aliyelipa kiingilio.

Kukutana kunakotugusa sisi kulitokea 2018. Nairobi kuna uwanja mmoja wa barafu, ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na humo hufanya mazoezi Kenya Ice Lions, timu ambayo haikuwa na mwingine nchini wa kucheza naye. Mwaka huo kampuni ya mikahawa ya Tim Hortons iliwapeleka Kanada kucheza mechi. Wakiwa chumba cha kubadilishia nguo, mlango ukafunguka, wakaingia Crosby na Nathan MacKinnon wa Colorado, wamevaa jezi za Kenya, wakaingia nao barafuni. Lilikuwa tangazo la biashara, ndiyo, na kahawa iliuzwa. Lakini sura za vijana wale hazikuwa za kuigiza. Kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1964 na Tim Horton, beki wa Toronto Maple Leafs, enzi ambazo mshahara wa hoki haukutosha kuishi mwaka mzima na mchezaji alihitaji duka pembeni.

Turudi Toronto. Kiangazi cha 2025 Marner alikwenda Vegas kwa wastani wa milioni 12. Tavares alibaki. Aliposaini kwa mara ya kwanza, mwaka 2018, alisambaza picha yake ya utotoni, amelala kwenye shuka zenye nembo ya Maple Leafs. Safari hii alikubali milioni 4.38 kwa mwaka badala ya 11. Klabu ilipata nafasi ya milioni 6.6 chini ya kikomo, na menejimenti inaweza kuitumia itakavyo, ili mradi itumike kwa wachezaji. Mwenye tiketi ya msimu anasubiri ankara yake kama kawaida.