Paa Huyu, Paa Hili: Mabingwa wa Vitawe Kilifi na Malindi

Waingereza wana kijineno cha herufi tatu, "set", ambacho toleo la pili la kamusi kuu ya Oxford, la mwaka 1989, lilikipa maana 430. Baadaye "run" kikakipiku: mwaka 2011 wahariri wa kamusi hiyo walikihesabia kitenzi hicho maana 645. Mimi sina kamusi ya juzuu ishirini. Nina barabara ya Kilifi hadi Malindi, na kumbukumbu ya mtihani wa vitawe.

Taji la maana nyingi nalipa "paa". Anzia msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita mraba 420 hivi, mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Humo mna paa nunga, mnyama mdogo mwekundu mwenye madoa meupe miguuni, mmoja wa jamaa za swala walio adimu kabisa barani. Ukimwona, nyamaza; wengi wamezeeka kando ya msitu huo bila kumtia machoni. Ukitoka hapo, Gede, nyumba ina paa la makuti. Juu ya paa hilo ndege inapaa kutoka Malindi. Ufuoni mtu anapaa changu, magamba yanamrukia usoni. Na jioni jirani anakuja kupaa moto kwako, kwa kuwa wake umezimika.

Refa wa mchezo huu ni ngeli. Paa huyu anakimbia, paa hili linavuja. Mapaa yanaezekwa, lakini hakuna anayewinda mapaa. Kwenye vitenzi ngeli haifui dafu, hapo tunategemea akili ya msikilizaji. Mvuvi akisema amepaa samaki, hakuna anayetazama juu.

Nafasi ya pili ni ya "kaa": kaa la moto, kaa wa mikoko kule Mida, kukaa kitako. Wakenya tumeongeza letu, inakaa mvua itanyesha, ambalo Mtanzania hulisikia akakunja uso.

Sasa geuza mashindano: kitu kipi kina majina mengi? Kilifi, kaunti inayoongoza nchini kwa minazi, jibu halina ubishi. Tunda hilohilo huanza kuwa kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likakomaa kidogo likawa koroma, ndipo likaitwa nazi. Likikaushwa ni mbata. Ganda la nje ni kumbi, la ndani ni kifuu. Ukiikuna, na unaikunia juu ya mbuzi asiyelia wala kula majani, unapata tui, na kinachobaki baada ya kukamua ni chicha. Hata hivyo mti wenyewe umenyimwa ukarimu huo, maana mnazi ni mti na mnazi ni pombe yake. Ukiambiwa fulani ameangushwa na mnazi, uliza kwanza: alikuwa juu, au alikuwa mangweni?

Neno lililotangatanga mbali zaidi ni "gereza". Lilikuja na Wareno, ambao kwao "igreja" ni kanisa. Kwetu likawa ngome, halafu mahali pa kufungia watu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa jela hasa kuanzia 1895 hadi 1958, kwa hiyo jengo na neno vilikutana njiani. Leso nayo ilikuwa kitambaa cha kufutia pua. Wanawake wa pwani wameikuza mpaka ikamfunika mtu mzima na kumpelekea jirani ujumbe.

Igreja yenyewe, ile ya maana ya mwanzo, bado ipo karibu na bahari huko Malindi, mji ambao mmisionari Francis Xavier alipita mwaka 1542 akielekea India: ni kanisa dogo jeupe la Wareno la karne ya 16. Kuta zake ni nene. Paa lake ni la makuti.